Picha ya Mponda Kokoto

Ko.

Nyundo iligonga jiwe mara moja gizani, kisha ikanyamaza.

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyeponda kokoto. Kila alfajiri, kabla jua halijayapasha mawe moto, mama huyo alikaa chini ya kilima nyuma ya nyumba yao, akagonga jiwe mara moja, akasubiri. Alisubiri kusikia kama mtoto ameamka. Mtoto akilia, nyundo iliwekwa chini na mama akaingia ndani. Mtoto akinyamaza, nyundo ilipanda tena na kazi ikaanza. Hivyo ndivyo mtoto alivyokua: kila alfajiri aliulizwa swali kwa pigo moja, akapewa muda wa kujibu.

Nchi ile ni nchi ya mawe. Wanaume huwasha moto juu ya mwamba mpaka upasuke, na wanawake huketi na vile vipande, wakavivunja hadi vitoshe ndoo ya fundi. Mama huyo alikata pete kwenye mpira wa tairi, akalishikilia kila jiwe ndani ya pete hiyo kwa mkono wa kushoto, ili vigae visimrukie machoni. Nyumba nyingi za mjini zimesimama juu ya kokoto za wanawake kama yeye. Lakini msingi hauonekani, na mgeni anayekaribishwa sebuleni hakishukuru kilichofukiwa.

Kwao, kama kwetu, mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza huliweka chini jina alilopewa na baba yake, akabeba la mtoto. Huwa Mama Fulani. Wakwe humwita hivyo, majirani humwita hivyo, muuza chumvi humwita hivyo, na siku akifa hutangazwa hivyo. Mama huyu naye aliliweka chini la kwake, akabeba la mwanawe, na hakulitua tena. Jina hilo sitalitaja mimi. Si langu kulitaja.

Mtoto akasoma. Akaenda mji mkubwa, na huko akatumia jina la ubatizo, Evodi, kwa sababu lilikuwa jepesi mdomoni mwa watu wa huko. La nyumbani aliliacha stendi, kama mtu anavyoacha viatu vyenye tope mlangoni. Kamera aliyokuwa nayo ilitoka kwenye kokoto; mwaka ule mama alivaa kitenge kimoja. Akawa mpiga picha, tena mzuri. Wenzake wa mjini walipomuuliza mama yake anafanya kazi gani, aliwajibu bila kupepesa: "Yuko kwenye vifaa vya ujenzi." Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaona duka kubwa, wakaona malori. Hakuna neno la uongo alilosema, na hilo ndilo lililomrahisishia kulisema tena.

Siku moja alikwenda nyumbani na kamera yake. Alimkuta mama kazini, akasimama mbele yake, akaita: "Mama." Mama akainua uso. Vumbi lilikuwa kwenye kope, mkono wa kushoto umeishika ile pete ya mpira, nyundo imelala magotini. Akamtazama mwanawe. Mwanawe akabonyeza.

Ikawa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Aliporudi mjini aliitazama muda mrefu, akaona kwamba picha kama ile haifai kubaki ndani ya kamera. Akataka blogu.

Katika mtaa wake alikuwepo binti aitwaye Winfrida, aliyejenga tovuti za watu katika chumba kidogo kando ya barabara. Evodi akamwendea.

"Chagua jukwaa kwanza," Winfrida alimwambia. "Picha ni mgeni wako. Lazima ujue unamlaza nyumba ya nani."

Evodi akachagua jukwaa la bure. "Hicho ni kibaraza cha mtu," Winfrida alimwonya. "Unakaribishwa kukaa, lakini ukuta si wako." Evodi akasema kibaraza kinatosha. Akaiweka picha, akaandika chini yake: Mwanamke wa Kokoto. Asubuhi yake wakaifungua pamoja. Kando ya uso wa mama yule, mwenye kibaraza alikuwa ametundika tangazo la dawa ya kupunguza tumbo.

Winfrida alicheka hadi akashika meza. "Kaka Evodi! Bibi wa watu mwenyewe hana hata hilo tumbo!"

Evodi akacheka naye. Alicheka vizuri, kama wanavyocheka watu wasiohusika. Kisha akatoka nje, akanawa uso kwenye bomba la mwenye nyumba, akarudi akasema anataka jukwaa jingine.

La pili lilikuwa gulio. Huko watu hupita kwa maelfu, hutazama, hupiga makofi kwa kidole gumba, huondoka. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Evodi akaipenda ile hali ya kutoulizwa. Akaiweka picha, na safari hii hakuandika kitu chini yake.

Makofi yakaja kama mvua ya masika. Watu waliyasifu zaidi macho. "Huyu bibi umempata wapi?" wakauliza. "Umefanyaje mpaka akakutazama hivi?"

Naye akawajibu: "Nilipita tu njiani. Nilisubiri mwanga."

Ndugu zangu, mwanga gani? Yule mama alikuwa ameitwa na mwanawe. Ndivyo mama anavyotazama akiitwa na mwanawe. Jua halina kazi hapo.

Kitu kilichoachwa gulioni bila jina, anayetangulia hukiokota. Haukupita muda, ng'ambo ya barabara, mkabala na chumba cha Winfrida, kituo kimoja cha tuisheni kikasimamisha ubao mrefu kuliko mtu. Juu ya ubao uso wa mama, vumbi kwenye kope. Chini yake, kwa herufi nyekundu: SOMA, USIJE UKAWA HIVI.

Winfrida ndiye aliyemwita aje aone. "Picha yako hii. Nenda ukaidai!"

Evodi akavuka barabara. Mwenye kituo alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti, akamwagizia soda. "Tusameheane, kaka," alisema. "Tuliiona haina jina, tukajua ni ya wote. Huyu bibi ni ndugu yako? Kama ni ndugu yako, nishushe ubao saa hii hii. Mimi pia nina mama."

Jibu lilikuwa fupi kuliko soda ile. Evodi akaitazama chupa. Ukutani palikuwa na vijana wanne wa tuisheni wakisubiri somo, na mmoja wao alikuwa amemtambua, anamnong'oneza mwenzake: huyu ndiye yule mpiga picha.

"Hapana," Evodi akasema. "Nilipiga tu."

Ubao ukabaki. Akawa anazunguka nyuma ya soko ili asipite mbele yake.

Aibu ina njia zake za kujifanya bidii. Evodi alirudi kwa Winfrida na maneno mengi: amechoka kuibiwa, anataka mahali pake mwenyewe. Winfrida akafurahi. "Sasa unasema. Nunua kiwanja chako. Anwani yako, mlango wako, ukuta wako. Juu ya mlango linakaa jina lako, na chini ya kila picha jina la mwenye sura. Hapo hakuna wa kuokota."

Kiwanja kikanunuliwa. Winfrida akajenga, akaiweka picha ya mama mahali pa kwanza kabisa, ili kila aingiaye akutane nayo. Chini yake akaacha mstari mtupu. "Jaza, kaka, tufungue."

Evodi hakujaza. Alisema rangi ya ukuta ni nzito, ikabadilishwa. Akasema herufi ni nyembamba, zikanenepeshwa. Kisha akaja na swali lililomwacha Winfrida mdomo wazi: je, hakuna jukwaa jingine ambalo halina ule mstari?

"Kaka Evodi," Winfrida alisema, "wewe umekuwa kama mwali anayewakataa wachumba wote. Huyu mfupi, huyu mrefu, huyu anatafuna kwa sauti. Wachumba hawana kosa. Kuna kitu hujawaambia nyumbani."

Alikuwa anatania. Evodi hakucheka.

Wakati huohuo habari zilipanda kilimani. Dereva wa tipa aliyekwenda kuchukua kokoto aliwaambia wanawake: mwenzenu yuko mjini, barabarani, mkubwa kama mlango. Akawaonyesha kwenye simu yake. Wanawake wakaacha nyundo, wakakusanyika, wakasoma, mmoja kwa sauti na wengine wakifuatisha. "Shoga, umepandishwa cheo!" mmoja akasema. "Sasa wewe ni mwalimu, unafundisha kwa kutisha watoto!" Wakacheka mpaka machozi. Kicheko kilipoisha yakabaki machozi, maana maneno yale mekundu hayakuwa ya mmoja wao peke yake.

Mama akavaa kitenge chake cha kanisani, akajaza mfuko viazi vitamu, akapanda basi.

"Nipeleke nikaione picha yangu," akamwambia mwanawe alipofika.

"Mama, jua kali. Na picha yenyewe ya kawaida tu."

"Nimezoea jua."

Wakaenda. Wakasimama chini ya ubao, mama mdogo chini ya mama mkubwa. Wapita njia walitazama juu, wakatazama chini, wakaharakisha mwendo. Mama akaunyooshea kidole mstari mwekundu.

"Hapo pameandikwaje, mwanangu?"

Akauliza mara moja, akasubiri.

Evodi akakohoa. "Wanasema... wanamsifu mama mchapakazi. Wanasema watu wajitume kama yeye."

Mama akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Akauhamisha mfuko wa viazi kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, kwa kuwa wa kushoto, ule wa kushika pete, ulikuwa umeanza kufa ganzi miaka mingi nyuma.

"Sawa," akasema. "Wenzangu kule machimboni walishanisomea."

Hakuwa amesafiri kuja kusoma ubao. Alisafiri kuja kusikia ubao ule utakavyosomwa na mtu mmoja. Alikwisha sikia, akageuka kutafuta kivuli.

Evodi akaupokea mfuko. Ulikuwa mzito. Alivichagua mwenyewe vile viazi, mama yule, akaacha vidogo nyumbani avile yeye. Evodi alitamani barabara ile ipasuke kama mwamba uliowashiwa moto, imfiche. Ila barabara ilikuwa imara. Kokoto zilizokuwa chini yake zilipondwa vizuri.

Winfrida alikuwa amemwona mama mgeni amesimama juani, akatoka mlangoni na kiti. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Winfrida akautazama uso ule, akautazama ubao, akarudi kwenye uso. Kiti kikamponyoka, akakidaka. Akamtazama Evodi, na katika kutazama huko akaelewa rangi nzito, herufi nyembamba, na mstari mtupu. Lakini alikuwa amelelewa. Hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliuliza tu kile ambacho kila mwenye adabu humuuliza mama anayemkaribisha:

"Karibu ukae, mama. Nikuite mama nani?"

Ng'ambo ya barabara mwenye kituo cha tuisheni alikuwa ametoka na kikombe cha chai, na vijana wake nyuma yake. Wote walikuwa wanatazama.

Mama angeweza kujibu. Jibu alikuwa nalo mdomoni tangu siku ile ya uchungu, na hakuwa na jina lingine la kutoa. La kwake aliliweka chini ili abebe hilo, na yule aliyebebewa alikuwa amelitupa, hivyo mjini mle mama huyu hakuwa mtu yeyote. Hakujibu. Aliinua uso, akamtazama mwanawe, macho yaleyale yaliyopigiwa makofi na maelfu, akanyamaza. Ndivyo alivyofanya kila alfajiri chini ya kilima: pigo moja, kisha kimya, asikie kama mtoto ameamka.

Nanyi mnaochagua kwa uangalifu mkubwa ukuta wa kutundikia kazi zenu nzuri, chini ya kazi hizo mmemwacha nani bila jina?

Mwanga ulikuwepo tangu asubuhi. Hapakuwa na kitu kingine cha kusubiri. Evodi akaweka mfuko wa viazi chini. Uso ulimwaka hadi masikioni, na sauti ilipotoka, ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikavuka barabara, ikafika mlangoni kwa mwenye ubao.

"Mama Malimi," akasema. "Na Malimi ni mimi."