Kisirani na Mgeni Asiye na Visigino

Hadithi njoo, mlango fungeni! Niliyaona yote mwenyewe, nimejikunyata darini kwa binti Mghoi.

Mbwa wake, Kisirani, alichunga kila kitu: mbuzi, kuku, hata wageni, akiwauma visigino mpaka waingie zizini.

Jioni akaja mchumba mtanashati. Kisirani akamzunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, akitafuta kisigino. Hakuna! Mghoi akarudi nyuma: asiye na visigino ni zimwi.

“Twende, bibi harusi,” likanguruma, likamkamata mkono.

“Kisirani, baba, usiniache!”

Mbwa akadaka mkia wa zimwi chini ya kanzu, akalikokota kinyumenyume mpaka zizini. Mabeberu wakalipokea kwa pembe. Likalia, “Mama wee!” likageuka moshi.

Hapo tu nimetia chumvi: aliyelia ni mimi.