Chura, Mpulizaji wa Pipa la Siki

Ngano naileta!
*Ilete tuione!*
Ina mkia?
*Ina mdomo, iseme!*

Hapo kale Kiboko alikuwa na pipa kubwa la siki. Ndani yake waliishi vijidudu, wadogo hata jicho haliwaoni. Kiboko akimimina pombe ya mnazi, wao wanaila, inakuwa siki. Lakini bila hewa hawawezi kazi, wala hawaishi.

Mpulizaji wao alikuwa Chura. Alitumbukiza mwanzi pipani, akavimbisha koo: puu! Mapovu yakapanda: gubu-gubu-gubu.

"Ahsante, mjomba Chura! Tena!" vijidudu wakaita.

Puu! Gubu-gubu-gubu.

Siku moja Kiboko akajilaza katika kidimbwi cha Chura. Maji yakamwagika, watoto wa Chura wakatupwa juani.

"Bwana Kiboko, wanangu wanakauka!"

"Wakauke. Hapa pananifaa."

Chura akapuliza, akiwaza. Kisha akasema, "Bwana, mapovu haya yanatoka na ukali wa siki yako. Nyani kule juu wanaunusa bure."

"Siki yangu? Bure?"

"Lizibe pipa kwa udongo, ulikalie siku tatu. Siki itawaka kama moto."

Kiboko akatoka mbio kidimbwini. Akang'oa mwanzi, akaziba, akakaa juu: tii! Watoto wa Chura wakarudi majini: chubwi! chubwi!

Siku ya kwanza sauti ikatoka pipani: "Mjomba, puliza!" Chura akanyamaza.

Siku ya pili: "Mjomba... kidogo tu." Chura akawatazama wanawe wakiogelea.

Siku ya tatu hakusikia kitu.

Kiboko akawaita wanyama wote waje kuonja. Akalifungua pipa, akapiga funda, akatema: ptuu! "Hii si siki!" Wanyama wakacheka wakagaagaa. Kwa aibu Kiboko akahamia mto wa mbali, asirudi tena.

Chura akapata kidimbwi, akapata na pipa. Akatumbukiza mwanzi mpya. Puu! Gubu-gubu-gubu.

"Wapwa zangu, nimekuja."

Puu!

"Nilitaka siku tatu tu, atoke. Sikuwa na njia nyingine. Au nilikuwa nayo?"

Pipa kimya. Wanawe wakamwita kula, hakwenda. Alipuliza na kuita hata sauti ikamkauka, na mpaka leo ni ya kukwaruza.

Ngano naishusha!
*Ishushe, tumeipokea! Na funzo lake?*

Funzo? Usikalie pipa siku tatu, utaumia makalio. Jingine msiniulize.