Nyati Ataka Kufa Kishujaa

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Sema wewe.
Palikuwa na vita vya kuigiza, na wazima wenye akili zao wakivicheza. Kaeni vizuri, na msinikatize.

Hapo kale wanyama walipigana na simba, wakawafukuza bwawani. Vita vikaisha, simba wakaenda zao. Lakini kila kiangazi wanyama wakavirudia, eti wasije wakasahau. Mwenye shughuli alikuwa Nyati, dume zee lililokimbiwa na kundi lake kwa ubishi. Yeye ndiye aliyegawa nafasi. Nyati akawa jeshi lililoshinda, peke yake. Wengine wote wakawa simba.

Na kazi ya simba kufa.

Nyati alikuja mbio, tifu tifu tifu, wao wakaanguka. Pimbi akafa. Digidigi akafa. Jua likawachoma, wamelala. Nzi wakawatambaa, wamelala. Maana Nyati alishatunga sheria: aliyekufa haamki mpaka walio hai wanywe washibe. Na aliye hai ni nani? Nyati. Alikunywa gudu gudu gudu, kisha akagaagaa mumo humo. Wafu walipofufuka walikuta tope.

Mwaka huo ukame ulikuwa wa kutisha, na Pimbi amejifungua. Maziwa yamemkauka. Wanawe wananyonya ngozi.

"Vumilia, shoga," Digidigi alimwambia. "Ni mchezo tu."

"Na kiu hii ni mchezo?"

"Basi kamwambie mwenyewe."

"Nilimwambia mwaka jana. Akasema historia ni historia. Nikamwambia hata babu yangu alikuwepo. Akaniuliza, alikuwa na pembe?" Pimbi akasonya. "Nimechoka kufa, mwenzangu. Nimechoka."

Akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulalamika."

"Aa, mzee. Nimekuja kuomba nafasi ya babu yako, yule aliyewapiga simba."

"Babu yangu namwigiza mimi."

"Unamwigiza akiwa mzima. Mimi naomba ile ya kufa kwake." Pimbi akainamisha kichwa kama aliyefiwa. "Kwani hukuambiwa? Alianguka hapa hapa ukingoni, damu yake ikaokoa bwawa. Simba wenyewe walipoona ushujaa ule wakatubu, wakakaa matanga."

Alikoyatoa hayo anajua mwenyewe.

Nyati akatikisa masikio. "Simba walilia?"

"Walilia mpaka sauti zikawakauka. Sasa wewe kila mwaka unaingia na kutoka bila mchubuko, kama aliyekwenda kuoga. Watu wanasema, shujaa gani huyu? Ndipo nikaona bora nife mimi kwa niaba ya babu yako."

"Pimbi awe babu yangu?"

"Nani mwingine atakubali? Kufa ni kazi, mzee. Hutaweza."

"Nitakufa mimi," alisema Nyati. "Nitakufa kuliko mlivyowahi kufa nyote. Na ninyi msife, mnasikia? Nani atanililia?"

"Kama unavyotaka, mzee."

Wakubwa ndivyo walivyo. Sheria ya wafu huwatungia wenzao, hawana habari kwamba nao wana mwili wa kulala chini.

Siku ikafika. Nyati akaja mbio, tifu tifu tifu, akapiga magoti, akakoroma, akaanguka puu. Pimbi akalia. Digidigi akalia. Kisha wakageuka, wakainama majini. Gudu gudu gudu.

Jua likamchoma Nyati, amelala. Nzi wakamtambaa, amelala. Akafumbua jicho moja.

"Bado tu?"

"Maiti haulizi, mzee," alisema Pimbi, ndevu zikimchuruzika maji. "Watu wana majonzi, usiwakatize."

Akafumba jicho. Wakanywa. Pimbi akaenda akanyonyesha, wanawe wakalala wameshiba, akarudi akanywa tena. Walipomwambia Nyati amka, bwawa lilikuwa tope, naye akalilamba hilo tope bila kuinua kichwa.

"Nilikufaje?" akauliza.

"Sijapata kuona, mzee. Ila Digidigi anasema mwakani nafasi hiyo apewe yeye."

"Yule mwenye miguu ya vijiti?" Nyati akakohoa tope. "Mwambie mwakani nitakufa mapema zaidi, kabla hamjafika."

Haya, fundisho. Historia isibadilishwe hata neno moja. Na wakubwa wetu tuwaheshimu, tuwape nafasi ya kwanza katika kila jambo.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyechukia aende akaigize.