Jumamosi ya Bi Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Hao waliojibu ni watoto. Nyinyi watu wazima mmekaa kimya, na hadithi hii inawahusu kuliko wao. Narudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kusonga ugali wenyewe, palikuwa na kilima, na chini ya kilima palikuwa na bonde. Nyumba zilikuwa kilimani. Mashamba yalikuwa bondeni. Katikati palikuwa na mwendo wa kuvunja magoti. Jumatatu mpaka Ijumaa wanyama walishuka alfajiri, wakalima, wakapanda kilima jua likizama. Wakifika nyumbani, hawana nguvu hata ya kugombana.

Kwa hiyo kazi za nyumbani zilikuwa na siku zake mbili. Jumamosi, mihogo mibichi inamenywa, inapasuliwa, inaanikwa juu ya mwamba. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku hiyohiyo, makopa yaliyoanikwa wiki iliyopita, ambayo sasa yamekauka, yanatwangwa yawe unga. Pu! Pu! Pu! Jumapili ni maji, kuni na kufua. Basi wiki nzima mtu akirudi shambani anasonga ugali wake, anakula, analala.

Mmenielewa vizuri? Ya leo yanaanikwa, ya wiki iliyopita yanatwangwa. Nashikilia hapo kwa sababu wanyama wenyewe, pamoja na akili zao zote, walikuja kusahau.

Ambaye hakusahau ni Bi Nungunungu. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na mdogo wao aliitwa Kitembe. Mwaka uliotangulia alikosa Jumamosi moja, moja tu, alipokwenda kumzika dada yake. Wiki iliyofuata hapakuwa na makopa ya kutwanga. Kitembe akaanguka shambani kwa njaa, ti! Bi Nungunungu akapanda naye kilima kizima akiwa amemkumbatia kifuani, maana nungunungu habebi mtoto mgongoni, na sababu mnaijua. Njia nzima alilia. Alipofika juu akaapa kwamba Jumamosi yake haitaguswa tena na mtu yeyote.

Sasa, mkuu wa kilima hicho alikuwa Chui. Chui halimi. Chui hamenyi. Chui analala juu ya tawi, na siku moja usingizi ulipomchosha akawaza jambo. Akamwita Nyani, mpiga mbiu wake, akamtuma.

Nyani akapita nyumba kwa nyumba, mbiu mkononi, pa-pa-paa! Akatangaza kwamba kuanzia wiki hiyo, kila Jumamosi, tangu asubuhi mpaka jioni, wanyama wote watakwenda uani kwa Mzee Chui kufagia na kumwimbia sifa. Asiyekwenda atatolewa shimoni mwake, yeye na watoto wake, na shimo litafukiwa.

Jumamosi ikafika. Ngiri akaenda. Paa akaenda. Kanga akaenda, amejipaka mafuta mpaka kichwani. Wakafagia, fya, fya, fya. Wakaimba, "Chui mzuri, Chui madoa, Chui hana mfano." Chui akala nyama peke yake akiwasikiliza. Akaangalia huku na huku, akauliza Nungunungu yuko wapi. Akaambiwa yuko kwake, anamenya mihogo.

Jumapili wanyama wakatwanga haraka haraka makopa yao makavu. Unga ukapatikana. Wiki nzima wakala, tena wakamcheka Bi Nungunungu njiani. Kanga akamwambia kwamba wao wameimba na wamekula vilevile, yeye anajitafutia ubaya bure. Bi Nungunungu akapita zake. Alikuwa na jembe begani.

Jumamosi ya pili wakaenda tena, wakafagia, wakaimba. Jumapili asubuhi kila mmoja akatoka na ungo wake kuchukua makopa mwambani. Wakaangalia upande wao wa mwamba. Mweupe. Mtupu. Hapana hata ganda.

Nani alimenya Jumamosi ile ya kwanza? Hakuna. Ngiri akakwaruza jiwe kwa pembe zake kana kwamba makopa yamejificha ndani. Wiki hiyo wakashuka shambani na matumbo yanayonguruma, wakatafuna mihogo mibichi ya kuokoteza, wakapanda kilima wakiwa wameshikana ili wasianguke. Watoto wa Paa walikuwa wanalia tangu njiani.

Ijumaa mbiu ikapigwa tena. Nyani akasema kesho hakuna kuimba. Kesho wanyama wote watamfuata Mzee Chui wakamtoe Bi Nungunungu.

Mtoto wake mkubwa akasikia, akaogopa sana. Akamuuliza, "Mama, kwani tukienda kuimba mara moja, tutapungukiwa na nini?"

"Mwanangu," akasema Bi Nungunungu, "mwaka jana nilitoa siku moja, tena kwa marehemu dada yangu niliyempenda. Nusura inigharimu mdogo wako. Sasa nimpe Chui, ambaye hata simpendi?"

Kusema kweli alikuwa na hofu. Lile shimo alilichimba na marehemu mumewe, kucha kwa kucha. Lakini alfajiri akamenya na kuanika, na asubuhi ilipofika akaweka kinu nje, akamimina makopa, akashika mchi. Pu! Pu! Pu!

Wakaja. Chui mbele, Nyani nyuma yake, halafu kundi lote la kilima, wamekonda, hawaimbi. Bi Nungunungu akamsalimia Chui shikamoo kwa adabu, bila kuacha kutwanga. Pu!

"Weka mchi chini ninapozungumza," akasema Chui.

"Nisamehe, Mzee. Makopa yakipata unyevu yanaharibika. Zungumza, nakusikia."

Wanyama wakatazamana. Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo kilimani.

Chui akamuuliza nani aliyempa ruhusa ya kuwa na siku yake mwenyewe. Bi Nungunungu akasimamisha mchi hapo, mara moja tu.

"Sikuomba ruhusa," akasema. "Siku tano zinakwenda shambani. Hizi mbili ni za nyumba yangu. Hapa ndipo ninapoipanga wiki ya watoto wangu, wale, walale, waamke na nguvu. Ukitaka sifa, nitakusifu Jumatatu njiani nikipita, kama pumzi itakuwepo. Jumamosi sikupi. Sikupi hata asubuhi yake."

Chui akainua mkono ampige. Bi Nungunungu akatikisa mgongo, chaka-chaka-chaka, miiba yote ikasimama. Mkono wa Chui ukabaki hewani. Akaushusha polepole, akajifanya anajikuna sikio.

"Ngiri," akasema, "wewe ndiye mchimbaji. Fukia shimo hili."

Ngiri akasogea mbele. Akaliangalia shimo. Akauangalia unga ndani ya ungo, mweupe, laini. Akaangalia mwambani, penye makopa ya Bi Nungunungu yaliyopangwa vizuri kwenye jua, peke yake kilima kizima. Akameza mate.

"Mzee," akasema, "leo ni Jumamosi. Nina mihogo ndani tangu juzi, inaanza kuoza. Naenda kumenya."

Akageuka, akaenda zake. Halafu Paa akasema watoto wake hawajaoga wiki nzima, naye akaenda. Kanga aliona haya, akaondoka kwa miguu ya haraka. Wakatoka mmoja mmoja, wakatoka wawili wawili, mpaka wakabaki Chui na Nyani.

Nyani akajikohoza. Akamsogelea Bi Nungunungu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana kisu cha kumwazima. Akapewa. Akaondoka nacho.

Mara kilima kikaanza kusema. Kwaru, kwaru, kutoka kwa Ngiri. Kwaru, kwaru, kutoka kwa Paa. Ndoo zikagongana. Nguo zikafuliwa, fyu, fyu, fyu. Chui akanguruma kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyenyanyua kichwa.

Nanyi msidhani Bi Nungunungu ni malaika. Alinung'unika sana. Lakini alimtuma Kitembe apeleke kwa kila jirani bakuli moja la unga, awaambie hilo ni la kuwavusha tu mpaka makopa yao yakauke, na baada ya hapo mama yake asiwaone mlangoni.

Chui alikuwa bado amesimama pale mbele ya kinu. Akamwambia Bi Nungunungu, "Hatujamaliza. Kesho kutwa nitarudi."

Bi Nungunungu akainua mchi.

"Kesho kutwa ni Jumatatu," akasema. "Hutanikuta. Nitakuwa kazini."

Pu! Pu! Pu!

Mafunzo ya hadithi hii nayasema waziwazi, asije mtu akaniuliza mlangoni. Siku unayoitengeneza nyumba yako kwa ajili ya wiki inayokuja ni siku yako. Atakayekuja kuichukua, mkubwa au mdogo, mnyime, tena umnyime ukimtazama machoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na kama mnasubiri niseme zaidi, mtasubiri sana, maana kwangu kuna nguo nimeloweka tangu asubuhi.