Kioo cha Kompyuta ya Sekela

"Kioo hakiugui, huonyesha mgonjwa."

Bi Tupokigwe aliyatamka maneno hayo katika chumba cha mazoezi ya kwaya, baada ya kuwasikiliza vijana wakimjadili mwenzao mmoja ambaye siku hiyo hakuwepo. Mwimbaji huyo wa sauti ya pili alikuwa ameanza kuchelewa, kununa na kujibu watu kwa ukali, nao walitaka aondolewe kabla hajawaambukiza wengine. Waliposikia maneno ya bibi wakatazamana. Methali walizijua nyingi, lakini hiyo hawakuwahi kuisikia shuleni wala nyumbani. Wakamwomba awaeleze imetoka wapi.

Bi Tupokigwe akaweka kitabu chake cha nyimbo kando. "Haina umri mkubwa, wanangu, lakini ina wenyewe. Ilianza hivi."

Hapa hapa Mbeya, mtaa wa Soweto, palikuwa na fundi umeme wa magari aliyeitwa Ambilikile. Mikono yake ilikuwa mizuri na maneno yake machache. Gari lililowashinda wengine lilipelekwa kwake, naye hakulifanyia papara. Alilizunguka, akalisikiliza, akauliza limeanza lini. Dereva akija kulalamika kwamba taa nyekundu kwenye dashibodi inamkera, akitaka ing'olewe, Ambilikile alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Taa inakusemesha, nawe unataka kuiziba mdomo!"

Mkewe Atuganile alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa, mcheshi, mwenye sauti iliyofika mpaka kwa majirani. Walijaliwa binti mmoja, Sekela. Atuganile ndiye aliyemletea Sekela kompyuta mpakato ya kuchezea gemu, nene, nzito kama tofali, yenye vitufe vinavyowaka rangi. Jioni mama na mwana walishindana mbio za magari. Mama hakujua kukata kona. Aligonga kila ukuta, na kila alipogonga alilaumu barabara. Ambilikile alikaa pembeni akijifanya anafuatilia taarifa ya habari, kumbe anawasikiliza wao.

Kisha Atuganile akaugua, na ugonjwa ule haukumrudisha nyumbani. Sekela alikuwa na miaka kumi na mitano.

Baada ya matanga Ambilikile aliamua moyoni mwake kwamba kidonda kisichoguswa ndicho hupona upesi. Hakumtaja mkewe tena. Hakumkataza mtu kwa maneno, lakini jina lile likitajwa mezani alisimama, akatoka nje, akarudi chakula kikiwa kimepoa. Sekela aliliona hilo mara ya kwanza, akaliona mara ya pili, akajifunza kulimeza jina la mama yake. Nyumba ikawa ya watu wanaokula, wanaoosha vyombo na kulala.

Hapo Sekela akaanza kubadilika. Alama zake zilishuka. Aligombana na mwalimu wa hisabati mbele ya darasa zima. Akirudi nyumbani alibamiza mlango wa chumba chake, ikabaki kusikika miungurumo ya magari ya kwenye gemu. Ambilikile alimtazama binti yake, akaona kitu kilichoharibika, na kwa kuwa alikuwa fundi, akashika kazi ya kukitengeneza. Alimhamisha shule. Akamtafutia mwalimu wa masomo ya ziada. Akamnyang'anya simu. Akamwita shangazi yake kutoka Tukuyu aje amkanye. Kila dawa ilisaidia kwa muda mfupi, kisha mambo yakarudi pale pale.

Jumamosi moja mchana Sekela alitoka chumbani ameibeba kompyuta yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto.

"Baba, kioo kimeharibika."

"Umeipiga?"

"Sijaipiga."

"Sekela."

"Sijaipiga, baba!"

Ambilikile hakumwamini. Juzi tu aliusikia mlango ulivyolia. Akaipokea, akaiwasha. Maandishi na picha za kawaida zilionekana safi. Lakini Sekela alipofungua gemu na gari likaanza kukimbia, kioo kilijaa michirizi ya kijani na vipande vya rangi ya zambarau, kikatetemeka, kisha kikawa cheusi. Fundi akatikisa kichwa. Alikuwa na hakika kioo kimepata pigo. Alikwenda kwa rafiki yake anayetengeneza kompyuta, akapewa kioo kilichotolewa kwenye kompyuta ya aina ile ile iliyokufa, akarudi nacho nyumbani. Wakafungua skrubu pamoja, wakabadilisha. Kioo kipya kiling'aa. Sekela alikaribia kutabasamu.

Wakafungua gemu. Gari likakata kona mbili, na michirizi ikarudi vile vile, kwa rangi zile zile.

Ambilikile alikunja uso. Lakini hasira haikukaa, kwa sababu ufundi uliamka ndani yake. Ugonjwa uliohamia kwenye kioo kipya haukuwa wa kioo.

"Lete ule waya wa runinga," alisema.

Wakaiunganisha kompyuta na runinga ya sebuleni. Gari lilipopata mwendo, michirizi ya kijani ikatambaa kwenye runinga nayo.

"Hiyo pia nimeipiga?" Sekela aliuliza, kwa sauti ndogo.

Baba aliona aibu, na badala ya kuisema akauliza swali alilowauliza madereva kila siku. "Huanza lini? Ikiwashwa tu, au ikishapata moto?"

"Ikishapata moto. Kwanza feni inalia sana, halafu ndiyo michirizi inakuja."

"Imekuwa hivyo tangu lini?"

"Muda mrefu. Zamani ilikuwa michirizi miwili mitatu tu, inapotea."

Yalikuwa maneno mengi kuliko waliyowahi kuambiana tangu msibani. Wakaifungua kompyuta upande wa chini. Feni zilikuwa zimevishwa vumbi zito kama sufi. Wakalitoa kwa brashi. Girisi inayopitisha joto ilikuwa imekauka ikawa kama udongo. Wakaikwangua, wakapaka mpya. Wakarudisha skrubu zote. Safari hii gari lilizunguka uwanja mzima bila doa, na Sekela akashika mkono wa baba yake bila kujua. Mzunguko wa pili, michirizi ikarudi. Wakafuta programu zinazoendesha picha, wakaziweka upya. Wakaipunguzia kompyuta kasi. Haikusaidia.

Ambilikile akaegemea kiti. "Ni kadi ya picha," alisema. "Kile kipande cha ndani kinachochora kila unachokiona. Kimechoka, kikipata moto kinachora hovyo. Kioo tumekionea bure." Akakishika kioo cha zamani kilicholala mezani. "Kioo hakiugui, mwanangu. Huonyesha mgonjwa."

Sekela alikuwa anazungusha skrubu moja kati ya vidole vyake.

"Na mimi je, baba?"

"Wewe umefanyaje?"

"Mwaka mzima unanitengeneza. Umenibadilishia shule. Umenibadilishia mwalimu. Shangazi umemtoa Tukuyu. Mimi siumwi, baba. Nyumba hii ndiyo inayoumwa."

Ambilikile alihisi miguu yake ikisimama yenyewe, kama ilivyozoea. Tayari alikuwa ameshika mkono wa kiti. Mlango ulikuwa wazi, na nje palikuwa na gari la mteja lililomsubiri; sababu ya kutoka haikukosekana. Akamwona Sekela akiinamisha kichwa, akingoja kusikia hatua zake zikienda. Akagundua kwamba binti huyu alikuwa ameujua mwendo ule kwa muda mrefu, kama mtu anavyojua ratiba ya basi.

Akaketi tena.

"Nilidhani nakukinga," alisema.

"Ulikuwa unanikinga na mama?"

Swali lile lilimchoma. Kisha likamtoka lile jina.

"Atuganile," alisema, "nilimfahamu kwa sababu ya honi."

Sekela akainua uso. Hakuwahi kuisikia habari hiyo.

"Alipewa gari la bosi wake alipeleke mjini, honi ikagoma kunyamaza. Amekuja nayo inalia kutoka Uyole mpaka gereji, mtaa mzima umetoka nje kumtazama. Akashuka, akaniambia, 'Fundi, hili gari linanitangaza, nami sijagombea chochote.' Nilikata waya mmoja tu, kazi ikaisha. Lakini nilimwambia arudi kesho, niliangalie vizuri. Hapakuwa na cha kuangalia."

Sekela alicheka, kicheko cha ghafla kilichompasuka kifuani, kisha kikageuka kilio. Ambilikile alimvuta kwake. Naye akalia, mtu yule wa maneno machache, kwa sauti, mbele ya kompyuta iliyofunguliwa tumbo. Mteja alipochungulia mlangoni akarudi nyuma taratibu, akaenda kukaa ndani ya gari lake.

Kadi ile haikupona. Ambilikile aliizima, kompyuta ikabaki kuchora kwa kipande kingine kidogo cha akiba kilichokuwa ndani yake. Ikafaa kwa masomo na kuandika, lakini mbio za magari zilikuwa zimekwisha. Sekela alizililia, kwani alikuwa amepoteza mahali alipozoea kumkuta mama yake. Wala msidhani kila kitu kilinyooka kesho yake. Muhula ule hisabati ilimwangusha tena, na mlango ulibamizwa tena, zaidi ya mara moja. Tofauti ilikuwa moja tu. Zamani mlango ukilia, Ambilikile alisimama nje yake akafoka, "Wewe una nini?" Sasa alibisha hodi, akauliza, "Leo tuna nini?" Siku nyingine alijibiwa, siku nyingine hakujibiwa, lakini hakuondoka.

Maneno yale aliyasema baadaye kwa madereva waliotaka taa zao zing'olewe. Madereva wakayabeba, wakayafikisha Tunduma, wakayafikisha Makambako. Wengi wanayasema bila kujua yalitoka katika nyumba gani.

Bi Tupokigwe akakichukua tena kitabu chake cha nyimbo. Kisha msichana mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa wa kwanza kudai mwenzao aondolewe, akauliza, "Kuna mtu anayejua kwao kuna nini?"

Hakuna aliyejua. Walikuwa wameimba naye miaka miwili na hakuna aliyewahi kufika kwao.

"Basi mazoezi ya leo yanatosha," alisema bibi, akiinuka. "Nendeni mkabishe hodi. Kioo hakiugui, huonyesha mgonjwa."