Maandazi ya Mkimbiaji wa Ndiva

Hapo zamani, na msidhani ni zamani sana, maana sukari ilikwisha kufika milimani kwa magunia, palikuwa na vijiji viwili vya Upare vilivyotumia ndiva moja. Ndiva ni bwawa la kukusanya maji ya mfereji. Kila kiangazi vijiji hivyo vilishindana mbio, mtu mmoja wa huku na mmoja wa kule, kutoka sokoni bondeni mpaka ndivani juu. Atakayezibua bwawa kwanza, kijiji chake kinamwagilia kwanza. Wengine wanasubiri wiki mbili.

Kijiji cha Kwamseri kilimchagua Senzighe, kijana mwembamba aliyepanda mlima bila kuhema. Basi watu wale, kwa akili zao nyingi, wakaamua kumrekebisha.

Mzee Mrutu, mkuu wa mfereji, akatoa amri: "Kila nyumba atakayopita impe kitu kitamu. Na yeye asikatae. Kukataa ni dharau."

Shangazi yake, Nakiete, akasema: "Mtoto mbavu zinahesabika! Nitamkaangia maandazi mwenyewe."

Mwalimu Elinaza, aliyekaa mjini miezi mitatu akarudi na miwani, akasema: "Sukari ni nguvu. Vijiko vitano kila kikombe." Nani angebishana na miwani?

Siku ya kwanza ya mazoezi Senzighe akanywa chai, akala maandazi manne na mkate mweupe, akachomoka. Vigelegele! Kufika kona ya pili miguu ikawa mizito, macho yakalegea, akakaa kwenye jiwe akipiga miayo.

"Sukari imemwishia," akasema Mwalimu. "Ongezeni."

Wakaongeza. Akachomoka, akachoka. Wakaongeza. Akachomoka, akachoka mapema zaidi. Wakaongeza tena. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mwaka uliopita, alipokuwa akila makande tu, hakupiga miayo.

Mwezi ulipokwisha, kitambi kilikuwa kinachungulia chini ya shati, na suruali inafungwa kwa kamba kwa kuwa kifungo kilikwisha kujiuzulu. "Tazameni afya hiyo!" watu wakasema.

Senzighe akamnong'oneza Nakiete: "Shangazi, najisikia mzito."

"Uzito ndiyo nguvu yenyewe, baba. Kula."

Akala. Tuseme kweli, maandazi yalikuwa ya moto.

Siku ya mbio kijiji cha pili kikamleta Namsifu, mama wa watoto watano, mkavu, aliyekula bakuli la makande asubuhi akashushia na maji. Watu wa Kwamseri wakamcheka mpaka wakashika mbavu.

Baragumu likalia. Senzighe akachomoka. Namsifu akabaki nyuma na mwendo wake uleule. Kona ya pili, Senzighe akakaa. Shangazi alikuwa pale na kikapu: maandazi matatu, kata ya maji ya miwa. Akafufuka, akachomoka tena. Zilipobaki hatua ishirini kufika ndivani, akasema apumzike kidogo tu. Akalala fofofo, makombo kidevuni.

Namsifu akampita. "Pole, mwanangu," akamwambia, akaenda kuzibua bwawa.

Mahindi ya Kwamseri yalikuwa yanachanua. Wiki mbili bila maji ni njaa ya mwaka mzima, na hilo mimi silifanyii mzaha. Namsifu naye akawahurumia. "Tutawaachia maji kwa siku tatu," akasema. "Lakini aje mwenye kosa, mmoja tu, apige magoti mbele ya ndiva aseme: kosa ni langu."

Mmoja tu! Hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Mimi niliamuru ukarimu," akasema Mzee Mrutu. "Vijiko vitano sikuvitaja."

"Nilishauri sukari ya kukimbilia," akasema Mwalimu, akifuta miwani. "Ya kulalia sikuishauri. Ulizeni aliyekuwa na kikapu."

Nakiete akalia machozi ya kweli. "Nilimpenda! Tangu lini mtu akashtakiwa kwa kumlisha mtoto wa kaka yake?"

Senzighe akasema: "Ningekataa, mngeniita mwenye dharau. Tumbo ni langu, lakini vilivyomo mmevitia ninyi."

"Mdomo ulikuwa wa nani?" akauliza Mzee Mrutu.

Wanakijiji waliobaki, wale wa vigelegele, walikuwa wanatazama milima kwa makini sana.

Leo ni siku ya tatu wanabishana. Kila wakichoka wanaletewa chai ya kuchangamsha akili, vijiko vitano kila kikombe. Wanachangamka, wanapayuka, kisha wanasinzia wote kwenye mabenchi. Huko shambani majani ya mahindi yamekwisha kujikunja, na maji yanapita mbele yao kwenda kwa jirani.

Haya, ninyi mnaotafuna huko nyuma, mezeni kwanza, halafu mnijibu: je, nani aende akapige magoti?