Taya la Fisi na Kitambaa cha Maiti

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kinywa, kikafunguka, kikakataa kufumba.

Haya. Mwatime, usingizi uache mlangoni. Atakayepiga miayo nikisimulia, shauri yake. Kila mtu aweke kidole mbele ya sikio lake, afungue kinywa polepole. Umesikia kitu kimetoka, kikatembea? Fumba. Kimerudi. Ndicho ninachokisimulia.

Hapo kale Nguchiro alizaa watoto ndani ya kaburi kuukuu. Siku moja, jua la utosi, saa ambayo watu hawapiti makaburini, akasikia kwara, kwara, kwara. Fisi anachimba. Alikuwa ametoka kwenye kaburi jipya, watu wamemfukuza kwa mawe, akaambulia kipande cha sanda tu, kinamning'inia shingoni. Njaa inamuuma, na harufu ya watoto wa Nguchiro imemfika puani.

Nguchiro akaingiwa na hofu. Kutoroka hawezi, watoto hata macho hawajafumbua. Mle shimoni mlikuwa na fuvu la mwenye kaburi, limelala na taya lake. Akaingia ndani ya fuvu, akalishika taya, akalichezesha. Ka, ka, ka.

Fisi akaacha kuchimba, manyoya yamemsimama.

"Fisi," fuvu likasema, "unatafuta nini kwangu?"

"Nyama, babu."

Fuvu likacheka, ka, ka, ka. Likamwambia shida yake si njaa, ni taya. Taya la fisi ni kama kifuniko cha sanduku: juu, chini, basi. La binadamu lina kichwa cha mfupa kilichokaa kishimoni, hapo mbele ya sikio, na katikati pana kinyama kigumu, ndio mto wake. Akipanua kinywa, kichwa kinashuka kitini, kinakwenda mbele, kisha kinarudi. Ndiyo maana binadamu anatafuna kila kitu, ameila nchi nzima na hajashiba.

Fisi mate yakamtoka. Akaomba naye apewe taya la namna hiyo.

"Fungua."

Akafungua.

"Bado. Fungua."

Akafungua.

"Bado. Fungua."

Akafungua mpaka masikio yakakutana kisogoni. Ka! Safari hii si fuvu lililolia. Kichwa cha taya kimetoka kitini, kimekwenda mbele, na hakirudi.

Nguchiro akatoka fuvuni. Fisi alipomwona akataka kumuuma, meno hayakutani.

"Pole, mjomba," Nguchiro akasema. "Mfupa huo unataka kufungwa, upate kurudi."

Maumivu hayana ubishi. Fisi akainamisha kichwa. Nguchiro akakichukua kile kipande cha sanda, akakipitisha chini ya kidevu, akakifunga utosini fundo zuri, kama tunavyowafunga wafu wetu wasizikwe kinywa wazi.

Fisi akaenda kwao akipepesuka. Sasa, fisi wanatujua. Miaka yote wanachungulia mazishi yetu, na wanajua anayefungwa taya ni nani. Wakamzunguka. Mkewe akasogea, akanusa kitambaa.

"Ni mume wangu," akasema. "Amekufa lini?"

"Aaa," Fisi akajibu. "Aaa." Machozi yanamtiririka.

"Hiyo ni pumzi inayotoka tu," mkewe akawaambia wenzake. "Maiti ndivyo walivyo. Tumle kabla hajapoa."

Wakamla. Walianzia miguuni, kwa hiyo Fisi aliona yote. Lilibaki taya na kitambaa chake, Nguchiro akaja akalichukua, akawalaza watoto humo.

Hadithi yangu inafumba kinywa hapa. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nimezeeni.

Na funzo lake ni hili: jirani akiumwa msaidieni, mumfunge kitambaa kwa mikono yenu. Na waaminini wafu, hawasemi uongo.

Mwatime, mbona hufumbi kinywa? Mwatime?